Lafudhi ya Mtangazaji Huko Fizi: Nani Apime, na kwa Kipimo Gani?

Mtangazaji wa redio ya Baraka au Misisi, huko Fizi, mashariki mwa Kongo, akitamka "mutoto" katika taarifa ya habari, hakosi msikilizaji wa kusema kwamba huyo Kiswahili hakijui. Akitamka "mtoto" kwa ulimi wa Dar es Salaam, atatokea mwingine wa kumwita Mtanzania, au wa kuuliza kama alikulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, ambako wakimbizi wengi wa Kivu Kusini wameishi tangu 1996. Hoja yangu ni kwamba hukumu zote mbili zinampima mtu na asili yake huku zikijidai kupima lugha, na kwa sababu hiyo hazifai kuwa kigezo cha kumpa mtu maikrofoni au kumnyima.

Tuanze na hicho kinachoitwa kosa. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo, ingawa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Kipimo, basi, kilichongwa bila wasemaji wa ng'ambo hii. Tena "mutoto" inabeba kiambishi mu-, umbo la kale la Kibantu. Pwani ndiko irabu ilikodondoka. Hata "anasemaka", inayowachekesha wageni, ina kiambishi cha mazoea chenye ukoo na -ag- ya Kibantu cha kale. Mwalimu wa Tanzania anayefuta "anasemaga", yenye kiambishi cha ukoo huo huo, kwenye daftari la mwanafunzi huenda akaisikia jioni hiyo hiyo sokoni, labda kinywani mwake mwenyewe.

Watetezi wa usanifu watajibu kwamba redio inasikika mbali, kwa hiyo lazima ieleweke. Ni kweli, ila kinachokwamisha uelewano mara nyingi ni msamiati. Ukiyaita majani ya muhogo "kisamvu" mbele ya mtu anayeyajua kama "sombe", au ukisema "masomo" kwa maana ya shule mbele ya Mtanzania, hapo ndipo maana inapopotea, na dawa yake ni mhariri kuchagua neno au kutaja yote mawili. Irabu moja ya ziada haimpotezi mtu. Uingereza ilipitia jambo hili 1941, BBC ilipompa Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kazi ya kusoma habari za taifa. Wasikilizaji walilalamika, wengine wakisema habari kwa sauti ile haziaminiki. Maneno waliyaelewa, ila hawakuwa wamezoea kusikia mamlaka ikisema kwa ulimi wa mikoani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la usalama. Katika Fizi na milima ya Itombwe, ambako Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wamepitia miaka ya mapigano, lafudhi humtambulisha msemaji kabla hajamaliza sentensi. Habari ya shambulio ikisomwa kwa sauti yenye Kibembe ndani yake, upande mmoja utaisikia kama tamko la upande wa pili. Je, si afadhali sauti isiyo na kwao? Nakiri hofu hiyo ina msingi. Lakini sauti isiyo na kwao haipo: ile ya Bukavu ina kwao, na ile ya Kigoma pia. Kinachotuliza shaka ni wasikilizaji kuzoea sauti mbalimbali zikisoma maandishi yale yale yaliyohakikiwa, kwa zamu, hata katika habari zinazouma. Redio inayoficha lafudhi moja inaifundisha hadhira kuishuku siku itakapojitokeza.

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa bila kusema ni cha wapi. Wakuu wa redio wanaofanya majaribio ya sauti nawaomba wabadili swali. Msomaji asome tangazo la chanjo. Kisha aulizwe muuza sombe wa Misisi chanjo ni siku gani, wapi, na kwa watoto wa umri gani. Akijibu sawasawa, msomaji huyo apewe kazi.