Leseni ya basi la abiria: Mtihani unaoanza miaka mitatu kabla

Na Mwandishi Wetu

KIJANA wa Nyantakara, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, haendi mbali kuona magari makubwa. Lusahunga ndipo malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yanapokata kona kuelekea Rusumo, na Nyakanazi ndipo njia ya Kibondo na Kigoma inapoachana na ile ya Kahama. Mabasi yanayotoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,300, nayo hupita katika barabara hizo.

Si ajabu basi kwamba vijana wa huko hutamani kushika usukani wa basi. Lakini kazi hiyo ina ngazi zake, na anayedhani kwamba maandalizi ni kukariri alama za barabarani usiku mmoja kabla ya mtihani amekosea njia. Makala haya yanazieleza ngazi hizo kwa ajili ya anayejiandaa, na pia kwa abiria anayekabidhi maisha yake kwa mtu aliye nyuma ya usukani.

Madaraja ya leseni

Leseni za udereva nchini hutolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Magari ya abiria yamewekwa katika kundi la C, lenye madaraja manne. Daraja C ni la mabasi yenye uwezo wa kubeba abiria 30 au zaidi. C1 ni la magari ya abiria 15 hadi wasiofika 30, C2 ni la magari ya abiria wanne hadi wasiofika 15, na C3 ni la magari madogo zaidi, kama teksi.

Daraja D, ambalo wengi huanza nalo, ni la magari binafsi na halimruhusu mtu kubeba abiria kwa malipo. Daraja E ni la malori na magari mengine, isipokuwa ya abiria na pikipiki.

Sharti linalowashtua wengi ni hili: mwombaji wa daraja C lazima awe ameshikilia leseni ya C1 au E kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo kijana anayeendesha lori la mizigo au basi dogo leo tayari yumo katika maandalizi, ajue asijue. Tabia anayoizoea katika miaka hiyo ndiyo atakayopanda nayo kwenye basi.

Mafunzo na mtihani

Mafunzo ya madereva wa magari ya abiria hutolewa na taasisi kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na baadhi ya vyuo vya VETA. Anayemaliza hupimwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, na akifaulu hupewa cheti cha umahiri. Cheti hicho ndicho kinachomfikisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), inayochukua alama za vidole na picha na kutoa leseni. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka Sh40,000 hadi Sh70,000.

Kwa upande wa nadharia, mtahiniwa azijue alama kwa maumbo yake, si kwa maneno tu. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni ya tahadhari. Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo. Duara la bluu ni amri ya kutenda. Pembetatu iliyogeuzwa humtaka dereva atoe nafasi, na pembe nane humtaka asimame kabisa. Maumbo hayo yametofautishwa kwa sababu: hata alama ikifunikwa na vumbi, umbo lake bado linasomeka.

Kwa vitendo, ukaguzi wa gari kabla ya safari ndio msingi. Dereva hukagua upepo na kina cha kashata za matairi, mgandamizo wa breki za upepo, taa, vifuta kioo, kizima moto, pembetatu za tahadhari, mikanda na mlango wa dharura.

Hesabu za mwendo

Kikomo cha mwendo wa mabasi ni kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 kwenye makazi ya watu. Anayejiandaa na azigeuze tarakimu hizo kuwa hatua. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama simu kwa sekunde mbili, basi limekwenda mita 44 bila mwangalizi. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali ambao gari huutumia kusimama baada ya breki kukanyagwa huongezeka mara nne.

Katika miteremko, kama ile ya Ngara, dereva hupunguza gia kabla ya kuanza kushuka, ili injini ishikilie gari. Anayetegemea breki peke yake huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki.

Leseni pekee haitoshi

Baada ya leseni kuna mtihani wa pili. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020. Mtihani hufanywa kwa kompyuta, hivyo asiyewahi kushika kipanya na ajizoeze mapema. Dereva aliyethibitishwa hujitambulisha kwa kitufe maalumu katika mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi (VTS), unaoonyesha pia anapozidisha mwendo.

Masharti haya hayakupokewa kimya kimya. Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi waligoma nchini, wakipinga pamoja na mambo mengine kutakiwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, huku wengi wakiwa hawana mikataba ya ajira. Hoja yao ilikuwa na uzito: elimu ni kinga ya abiria, lakini haifai mzigo wake wote umwangukie mwajiriwa.

Hata hivyo, haja ya dereva aliyeiva imezidi. Katika miaka ya 2000 mabasi yalivuka mapori ya Biharamulo na Ngara kwa misafara iliyosindikizwa na askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na sasa adui mkubwa ni usingizi. Ndiyo maana safari inayozidi saa nane hutakiwa kuwa na madereva wawili.

Anayejiandaa, basi, na aanze na gari alilonalo leo: akague kabla ya kuwasha, aheshimu kikomo pasipo na trafiki, na apumzike anapochoka. Abiria naye asimshangilie dereva anayekimbiza gari.