Silsila ya Usikivu: Juu ya Kuzitafuta Bendi Mpya za Roki

Mpenzi wa roki atakaye kuzijua bendi asizopata kuzisikia, hususan zile za roki mbadala zilizorekodiwa na kampuni ndogo na kuuzwa nakala chache, siku hizi hahangaiki, kwani programu za muziki hutazama anachokipenda kisha zikamletea kinachokaribiana nacho. Utaratibu huu ulijaribiwa huko MIT, Marekani, tangu 1994, kwa mtambo ulioitwa Ringo, ambao uliwataka wasikilizaji wawape wanamuziki alama kuanzia 1 hadi 7, ukawatafuta wale ambao alama zao zilielekeana, na alichokipenda huyu ukampendekezea yule. Na tangu 2015 Spotify humpelekea kila msikilizaji nyimbo 30 kila Jumatatu, kwa hesabu ambayo sehemu yake ni ya jinsi hiyohiyo.

Siubezi utaratibu huo, maana umemfaa sana mtu akaaye mbali na duka lolote la sahani za santuri. Hoja yangu ni kwamba ufanano peke yake si mwongozo wa kutosha, na kwamba mwenye kutaka kuipanua ladha yake ni aula aulize bendi aipendayo ilimsikiliza nani, akaifuata silsila hiyo mtu kwa mtu, kama wanachuoni wetu walivyoichunguza isnadi ya hadithi kabla ya kuipokea.

Shahidi wangu ni bendi ya Nirvana. Tarehe 18 Novemba 1993, mjini New York, mbele ya kamera za MTV, ilhali wangaliweza kuziimba tu nyimbo zilizowapa umaarufu, walipiga nyimbo 14 ambazo sita kati yake zilikuwa za wengine: tatu za Meat Puppets, bendi ya Arizona, ambayo ndugu wawili wake, Curt na Cris Kirkwood, waliitwa jukwaani wapige pamoja nao, na wa mwisho ni wimbo wa jadi waliourithi kwa Lead Belly, aliyefariki 1949, kabla roki haijapata jina.

Lililo zito zaidi ni la The Raincoats, wanawake wa London ambao albamu yao ya kwanza, ya 1979, ina fidla inayokwaruza na mapigo yanayoyumba, mbali kabisa na ngurumo za Nirvana. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliitafuta albamu hiyo London hata akaelekezwa kwa Ana da Silva mwenyewe, katika duka la vitu vya kale alimofanya kazi; na haukupita muda mrefu ilitolewa upya, ikiwa na maneno ya utangulizi aliyoyaandika Cobain. Nani angalizikutanisha bendi hizi mbili kwa kupima sauti zao? Na iwapo leo mtambo unaziweka jirani, ni kwa sababu wafuasi wa Cobain walimsadiki wakaenda kusikiliza. Hesabu imefuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Fauka ya hayo, bendi iliyoundwa juzi, isiyo na msikilizaji, haina alama ya kulinganishwa na nyingine, na kwa hiyo hesabu ya namna hiyo haiioni mpaka atokee mtu wa kuipenda mwanzo. Kazi hiyo John Peel aliifanya katika redio ya BBC tangu 1967 hadi alipofariki 2004, akiwapigia Waingereza The Fall wa Manchester na Bhundu Boys wa Zimbabwe, pasina kumwuliza yeyote kwanza amezoea kupenda nini.