Mchanga wa Mto, Mchanga wa Jangwa

Mwaka 1957 Robert Folk na William Ward walichapisha makala kuhusu mchanga na kokoto za fungu moja la Mto Brazos, Texas, na hesabu zao zinatumika mpaka leo katika maabara za jiolojia. Miaka 16 kabla yao, Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezoea kulivuka Jangwa la Libya kwa magari, alikuwa ametoa kitabu chake juu ya mchanga unaosukumwa na upepo. Wote walipitisha mchanga kwenye machekeche. Njia zao zilitengana walipofika kwenye karatasi ya grafu.

Folk na Ward walirithi vipimo vya Kimarekani. Wentworth, mwaka 1922, alipanga madaraja ya ukubwa wa chembe ambayo kila moja ni nusu ya lililo juu yake, na mchanga akauweka kati ya milimita 2 na 0.0625. Mwaka 1934 Krumbein akayageuza madaraja hayo kuwa namba za fai: milimita 1 ni 0, nusu milimita ni 1, robo ni 2. Kadiri chembe inavyopungua ndivyo namba inavyopanda, jambo linalomchanganya kila anayeanza.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Chekeche lenye matundu makubwa huwekwa juu, sahani isiyo na tundu chini kabisa. Mnara wote hutikiswa, kisha kilichobaki katika kila chekeche hupimwa uzito. Uzito hujumlishwa kuanzia juu na kuchorwa kama mstari unaopanda. Kwenye mstari huo unasoma fai ya asilimia 16, ya 50 na ya 84, unazijumlisha, unagawanya kwa 3, umepata wastani. Ili kujua chembe zimetofautiana kiasi gani, unaongeza asilimia 5 na 95. Yaliyo nje ya hapo hayaulizwi. Kwa watu wenye rula na penseli ilikuwa busara: vumbi lililoangukia kwenye sahani lina ukubwa gani hasa? Chekeche haliwezi kujibu.

Bagnold alianzia kule kule wenzake walikokomea. Hakuchora ukubwa wa chembe peke yake kwa logi. Na wingi wake pia aliuchora hivyo, hata kushuka kutoka asilimia 10 hadi 1 kukawa hatua sawa na kushuka kutoka 1 hadi 0.1. Chembe adimu, ambazo kwenye grafu ya kawaida hulala juu ya mstari wa chini zisionekane, zikapata nafasi. Akaona pande zote mbili za kilele zinateremka kwa mistari iliyokaribia kunyooka, kila upande na mteremko wake. Kwangu huu ndio ugunduzi mkubwa zaidi wa habari hii yote, kwa sababu upepo hufanya kazi yake pembezoni: chembe ndogo hupeperushwa, nzito hutambaa nyuma. Ukikata asilimia 5 kila upande, umekata ushahidi wenyewe.

Mwaka 1977 mtakwimu wa Denmark, Ole Barndorff-Nielsen, aliupa mchoro huo hesabu yake. Mtawanyiko wa kawaida, ukichorwa kwa logi, hutoa parabola. Wa Bagnold ulitoa haipabola. Hesabu hiyo baadaye iliingia hata kwenye uchambuzi wa bei za hisa, ambako nako matukio adimu ndiyo yanayoumiza.

Hata hivyo siwezi kuupeleka mchanga wa Brazos kwa Bagnold. Fungu lile lina vilele viwili, kimoja cha mchanga na kingine cha kokoto, na Folk na Ward walionyesha vizuri jinsi kuchanganyika kwao kunavyoupinda mchoro. Haipabola ina kilele kimoja tu. Tena ina vigezo vinne, na mara nyingi seti mbili tofauti za vigezo hivyo huafiki sampuli ileile karibu sawasawa. Inafaa pale ambapo nguvu moja imeuchambua mchanga kwa muda mrefu, kama kwenye tuta la jangwani.

Ndiyo maana inaniuma kuona makala inayotoa wastani, mtawanyiko, mwinamo (mchoro umeegemea upande gani) na uchongokaji (kilele kimechongoka kiasi gani), namba nne basi, bila jedwali la uzito wa kila chekeche. Kutoka kwenye jedwali msomaji anaweza kuhesabu kwa njia ya Texas au ya Libya apendavyo. Kutoka kwenye namba nne za Folk na Ward hawezi kuurudisha mteremko wa Bagnold, kwa kuwa chembe zilizouchora zilikwisha kuachwa nje ya hesabu.