Reli, Mto na Udongo wa Kilosa

Ukisimama Mamboya na kutazama milima ya Ukaguru, utadhani wilaya yote ya Kilosa imejengwa juu ya mwamba. Teremka mpaka mbuga za Mkata: huko udongo ni mfinyanzi mweusi, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Wapagazi wa misafara ya pembe walilijua tope lake zamani. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871, wakati wa mvua, lilimtesa vibaya.

Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, kisha wakapita Kilosa na kupanda kwa kufuata bonde la mto Mkondoa. Hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kukatiza milima. Lakini bonde la mto ni mchanga na matope yaliyoletwa na maji, na tuta la reli likakaa juu yake. Tarehe 13 Desemba 1910, reli ikiwa bado inasonga kuelekea Tabora, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 liliitikisa Rukwa. Ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika.

Dunia ilielewa kwa uchungu hatari ya tetemeko kwenye mchanga wenye maji mwaka 1964, huko Niigata, Japani. Majengo ya ghorofa yalilala ubavu, kuta zikiwa nzima. Kilichoshindwa ni ardhi. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa, chembe zake hutaka kusongamana, maji hukosa pa kutokea, nayo hubeba uzito uliokuwa juu ya chembe. Hapo mchanga hugeuka uji.

Tiba zipo. Mchanga hushindiliwa kwa mashine za mtetemo, ufundi ulioanza Ujerumani miaka ya 1930, au hutobolewa na kujazwa nguzo za kokoto zinazobana udongo na kuyapa maji njia. Mfinyanzi hauponi kwa mtetemo. Huo huchanganywa na chokaa au saruji, au huondolewa kabisa. Kobe ilipotikiswa mwaka 1995, viwanja vya bandari vilivyokuwa vimeshindiliwa vilititia kidogo kuliko vilivyoachwa.

Kwetu, mipasuko ya Bonde la Ufa inafika Kilosa, na tetemeko la Kagera la Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9 tu, liliua watu 17. Mafuriko ya 2009 na 2010 yalikwisha kuonyesha udhaifu wa bonde la Mkondoa: maji yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, imetoboa milima ya Kilosa kwa vichuguu, uamuzi ninaouona wa busara.

Lakini zahanati, shule na makalavati ya vijijini hayana wahandisi wa reli. Halmashauri zinazojenga huko zidai upimaji wa udongo kabla ya tofali la kwanza, na fedha ya kushindilia iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.