Fantasia na Kijana Msomaji katika Maktaba za Umma za Afrika Mashariki, 1948 hadi Mwanzoni mwa Karne ya 21

Utangulizi

Fantasia ni utungo unaoyaruhusu yasiyowezekana kutendeka, kisha ukayawekea kanuni zake. Paa husema na kufanya biashara. Ndugu wenye husuda hugeuzwa manyani. Nchi nzima huelea angani ikiwa na mfalme, mahakama na gereza lake. Msomaji haulizwi kama anasadiki mambo hayo. Anachotakiwa ni kuyakubali kwa muda ili aone jambo ambalo kwa macho ya kila siku lingempita.

Kijana wa miaka 13 hadi 19 ndiye anayeelekea kuuhitaji utungo wa namna hii kuliko wengine. Amekwisha kuuacha utoto, hajakabidhiwa utu uzima, na maswali yake juu ya haki, mamlaka na nafsi ni makubwa kuliko majibu anayopewa. Hata hivyo, akiingia katika maktaba ya umma mjini Dar es Salaam, Tanga au Nairobi na kuomba kitabu cha mambo ya ajabu kilichoandikwa kwa Kiswahili, mkutubi hulazimika kufikiri kabla ya kunyosha mkono kwenye rafu. Sababu ya kusita huko si uhaba wa vitabu peke yake. Ni matokeo ya historia ndefu ya uteuzi: nani aliamua kitabu kipi kinamfaa nani, na kwa lengo gani. Mjadala unaofuata unaifuatilia historia hiyo, na kutokana nayo unapendekeza namna maktaba zinavyoweza kumrudishia kijana sehemu ya urithi wake.

Maajabu kabla ya rafu

Fantasia haikuletwa pwani na kitabu. Ngano za mazimwi, majini na wanyama wasemao zilikuwa na watambaji wake, saa zake na adabu zake. Msimulizi aliita "Paukwa!", hadhira ikaitika "Pakawa!", na kwa mwitiko huo wote walikubaliana kuingia katika ulimwengu mwingine. Hapakuwa na mpaka mkali wa umri: mtoto, kijana na mzee walisikia kisa kimoja, kila mmoja akachukua kadiri ya uwezo wake.

Baadhi ya visa hivyo viliingia katika maandishi mapema. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Ndani yake mna kisa cha Sultani Darai, maskini aliyeinuliwa na paa wake hadi akapata enzi, kisha akamdharau mfadhili wake na kupoteza kila kitu. Mna pia kisa cha Sultani Majnun na nunda mla watu. Mkusanyiko huo ulihifadhi mengi, lakini ulibadili jambo moja la msingi: hadithi iliyokuwa mali ya baraza sasa ilikuwa mali ya yule aliyejua kusoma na aliyeweza kukifikia kitabu.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliikubali lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Katika kipindi hicho shule zilihitaji vitabu vya kusoma, na tafsiri zikachukua nafasi kubwa. Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa Chenye Hazina vilitoka mwaka 1929. Safari za Gulliver na visa vya Alfu Lela U Lela navyo vikapata Kiswahili chake. Mwaka 1940 kikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kijana aliyesoma wakati huo alikutana na maajabu yaliyotoka nchi nyingi, lakini mlango wa kuyaingia ulikuwa mmoja: darasa. Alisoma ili ajifunze lugha iliyosanifiwa, na furaha yake ilihesabiwa kuwa faida ya ziada.

Sanduku la vitabu na shindano la uandishi

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1948, ilipoanzishwa East African Literature Bureau yenye makao yake Nairobi. Kazi yake haikuwa kuchapisha tu. Iliendesha pia huduma ya maktaba kwa masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mahali pasipo na jengo la maktaba, na kwa kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Kwa mara ya kwanza msomaji wa Kiswahili aliye mbali na mji aliweza kupata kitabu kisicho cha shule. Uzito wa jambo hilo hupimwa vema kwa kukumbuka kwamba maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, iliwafungia Waafrika mlango kwa zaidi ya miaka 20.

Sanduku lina mipaka yake. Anayelijaza ndiye anayechagua, na nafasi ndogo humlazimisha achague kinachoonekana kuwa na manufaa ya haraka: kilimo, afya, uraia, malezi. Hata hivyo, ni katika miaka hiyohiyo ambapo Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, aliipa fantasia ya Kiswahili umbo lake la riwaya. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Katika ya kwanza, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliosafiri kuitafutia nchi yao heri wakarudi kutupwa gerezani. Katika ya pili, Adili analazimika kuwapiga kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, kwa amri ya jini Huria. Mwangwi wa Alfu Lela U Lela unasikika humo, lakini dhamira na lugha ni za mwandishi mwenyewe.

Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kuwa istiari ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una msingi. Nchi ya angani ilimwezesha mwandishi kusema juu ya sheria bila haki jambo ambalo kwa kutaja nchi halisi lingemletea taabu. Lakini usomaji huo umekuwa na athari isiyokusudiwa. Kitabu kilipoingia katika mitaala, vizazi vingi vya wanafunzi vilifundishwa kuivua ile nchi ya angani haraka ili kuifikia siasa iliyofichwa chini yake, kana kwamba maajabu ni ganda la kutupwa.

Mwelekeo mwingine ulitokana na shindano la uandishi la taasisi hiyohiyo la mwaka 1957/58, lililompa ushindi Muhammed Said Abdulla kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Humo mpelelezi Bwana Msa anaonyesha kwamba nyuma ya hofu ya mzimu kuna mkono wa binadamu. Kijana aliyekisoma kitabu hiki baada ya Adili na Nduguze alipata jambo adimu: hoja mbili zinazopingana juu ya maajabu, zote kwa Kiswahili fasaha. Moja inatumia jini kuipima dhamiri. Nyingine inatumia akili kuufukuza mzimu.

Maktaba ya taifa na kijana asiye na rafu

Baada ya uhuru, maktaba zilipata sheria na majengo. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963. Kenya ilifuata mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka huohuo palitangazwa Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea.

Kukutana kwa matukio hayo mwaka mmoja kunaeleza mengi. Maktaba ilipewa heshima kubwa, lakini heshima hiyo ilitokana na kazi yake katika ujenzi wa taifa: kufuta ujinga, kumsaidia mkulima, kumwandaa mfanyakazi. Katika hali hiyo, kitabu cha fantasia kilihitaji cheti cha manufaa ili kikubalike, na cheti hicho kilikuwa funzo. Ngano zilikubalika kwa kuwa zinafunza watoto maadili. Kusadikika ilikubalika kwa kuwa inafunza siasa. Kusoma ili kujenga uwezo wa kuwaza kilichokuwa hakipo kulibaki bila utetezi, ingawa taifa jipya lenyewe lilikuwa limejengwa na watu waliowaza kilichokuwa hakipo.

Mpangilio wa maktaba uliongeza tatizo. Mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza uliigawa nyumba katika sehemu ya watoto na sehemu ya watu wazima. Mtoto alikuwa na saa ya hadithi. Mtu mzima alikuwa na gazeti na vitabu vya rejea. Kijana alipewa meza ya kujisomea mtihani. Hadi leo, mtu anayeingia katika maktaba nyingi za mikoa huwakuta vijana wengi, lakini wengi wao wamefungua daftari walilokuja nalo kutoka nyumbani.

Mtihani wenyewe ulielekea kwenye uhalisia. Vitabu teule vya fasihi ambavyo vijana wa sekondari Tanzania wamevisoma kwa miaka mingi, kama vile Watoto wa Mama N'tilie na Takadini, hushughulikia ufukara, ubaguzi na mila. Joka la Mdimu, ambacho jina lake humwahidi msomaji mnyama wa kutisha, ni kisa cha maisha magumu ya mjini. Vitabu hivi vina thamani yao, ila vikibaki peke yake humfundisha kijana kwamba fasihi ya Kiswahili inajua kulalamika juu ya dunia iliyopo bila kubuni nyingine.

Kurudi kwa maajabu, kwa lugha ya wakubwa

Kuanzia mwaka 1990 fantasia ilirudi kwa nguvu katika riwaya. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona na Mzingile. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anasafirishwa hadi sayari yenye jamii ya haki, na jina la sayari hiyo huficha maneno "wale ni sisi". Said Ahmed Mohamed akafuata na Babu Alipofufuka, na Kyallo Wamitila na Bina-Adamu! mwaka 2002. Wahakiki walizipokea kazi hizi kwa shauku. Lakini nyingi ziliandikwa kwa mitindo inayomtaka msomaji mzoefu, nazo zikapata makao yake vyuo vikuu. Riwaya ya vijana yenye safari za ajabu, kama Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba iliyotoka mwaka 2008, ilibaki kuwa mfano wa wachache.

Upande wa watoto nako kulikuwa na juhudi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, wakati uchapishaji ulipokuwa umedhoofika. Nchini Kenya, huduma ya maktaba kwa ngamia ilianza Garissa mwaka 1996: ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Sanduku la miaka ya 1950 lilikuwa limerudi, safari hii likifuatana na mkutubi. Hivyo mtoto alipata mradi, msomi akapata riwaya. Kijana aliyesimama katikati akaendelea kungoja.

Mapendekezo yatokanayo na historia

Historia hii inaonyesha kwamba kinachokosekana zaidi si vitabu bali ngazi ya kuvipandia. Mkutubi anaweza kuijenga kwa vitabu vilivyopo. Kijana wa miaka 13 aanze na Elisi katika Nchi ya Ajabu, visa vya Alfu Lela U Lela na Marimba ya Majaliwa, kisha Adili na Nduguze. Wa miaka 15 au 16 apewe Kusadikika na Mzimu wa Watu wa Kale kwa pamoja, ili hoja zake zipambane. Wa miaka 17 na zaidi aongozwe kwenye Walenisi na Bina-Adamu!, na Nagona iwe ya yule aliyekwisha kuonja hizo na kutaka zaidi.

Shughuli za maktaba nazo zinaweza kufanyika hata pale penye nakala moja tu. Kesi ya Karama inafaa sana kuigizwa: vijana wagawane nafasi za mfalme, Majivuno, mshtakiwa na wajumbe, hukumu itolewe na hadhira, kisha ilinganishwe na ya mwandishi. Kisa cha Sultani Darai kinaweza kusimuliwa na mzee wa mtaa, halafu vijana wakaandika mwisho ambao paa hakufa. Kusoma kwa sauti, sura moja kila juma, hurudisha baraza ndani ya jengo.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba visa vya majini huzaa ushirikina. Hofu hiyo isidharauliwe, kwani inatokana na kulijali kweli dhamiri ya mtoto. Jibu lake limo katika vitabu vyenyewe. Jini wa Adili na Nduguze haombwi mali wala hafungiwi hirizi; amewekwa humo ili husuda ionekane sura yake. Kijana anayefundishwa kutofautisha jini wa kitabuni na mganga wa mtaani amepata kinga imara kuliko yule aliyefichwa yote mawili.

Hitimisho

Kwa zaidi ya nusu karne, masanduku, sheria, mitaala na rafu viliamua kwamba maajabu ni ya watoto wanaofunzwa na wasomi wanaohakiki. Uamuzi huo haukutangazwa na mtu yeyote. Ulijengeka kidogo kidogo, kila hatua ikiwa na sababu njema. Kwa kuwa ulijengwa, unaweza kujengwa upya. Gharama yake ni rafu moja yenye vitabu visivyozidi kumi, jioni moja kila juma, na mkutubi aliyevisoma vitabu hivyo kabla ya kumkabidhi kijana. Pasipo hayo, kijana atakwenda kuyatafuta maajabu katika lugha nyingine, na Kiswahili kitabaki kwake lugha ya mtihani.