Alan Page: Mchezaji Aliyepata Kuwa Jaji

Wako watu wanaodhani kwamba nguvu za mwili na nguvu za akili hazikai nyumba moja. Kijana akiwa hodari uwanjani, huambiwa awaachie wenzake vitabu. Akiwa hodari wa vitabu, huambiwa kwamba uwanja haumhusu. Dhana hii imewapoteza vijana wengi, na ubaya wake ni kuwa yule anayepotezwa huwa anashangiliwa siku zote za kupotea kwake. Katika insha hii nitakueleza, msomaji, habari za mtu mmoja wa Marekani ambaye alishangiliwa sana, wala hakukubali makofi yamchagulie njia ya maisha.

Jina lake ni Alan Page. Alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1945, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Canton ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na kwa kijana Mweusi wa siku zile kazi ya kiwandani ndiyo iliyokuwa karibu kuliko nyingine zote. Page aliitazama kazi ile, jinsi mtu anavyorudia jambo moja tangu asubuhi hata jioni, akaona moyoni kwamba haimfai. Mwaka 1954, alipokuwa mtoto wa miaka minane, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa sababu ya rangi zao ni kinyume cha katiba. Mtoto yule akajifunza kwamba maneno yaliyoandikwa na majaji yaweza kufungua mlango uliofungwa kwa miaka mingi. Tangu utoto wake akatamani kuwa mwanasheria.

Lakini mwili wake ulikua upesi, na mpira ukamwita kwanza. Hapa yafaa nikueleze mchezo wenyewe, maana si ule tunaouita mpira wa miguu. Unafanana kwa mbali na raga. Timu mbili hupambana, watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, hupoteza mpira. Walinzi wa mstari wa mbele ndio wanaosimama uso kwa uso na adui. Huinama hata mkono ukagusa nyasi, na mpira unapoanza kuchezwa huruka kuwasukuma majitu yaliyo mbele yao, wapate kumfikia mrushaji wa mpira na kumwangusha kabla hajaurusha. Kazi hii haina raha. Mlinzi hashiki mpira ila kwa nadra, wala hafungi mabao. Kila mchezo hupigwa na kupiga mara nyingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mlinzi huyu huinama siku zote za kazi yake.

Page alisoma katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, na timu yake ilihesabiwa bingwa wa vyuo vya nchi nzima mwaka 1966. Mwaka 1967 alipata shahada yake ya elimu ya siasa, na mwaka huo huo akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings. Yeye na wenzake Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen walifanya ukuta uliotisha hata wakapewa jina la Wala-Watu wa Zambarau, kwa ajili ya rangi ya mavazi yao. Silaha kuu ya Page haikuwa uzito, ilikuwa wepesi. Mara nyingi alikwisha kupita kabla mpinzani wake hajainuka sawasawa. Mwaka 1971 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyepata kupewa heshima hiyo kabla yake, na aliyefuata alikuwa Lawrence Taylor, mwaka 1986. Katika miaka 15 Page alicheza michezo 218 ya ligi mfululizo bila kukosa hata mmoja. Walakini usidhani kwamba kila alichokitaka alikipata. Mara nne timu yake ilifika fainali kuu iitwayo Super Bowl, Januari ya 1970, 1974, 1975 na 1977, na mara zote nne ikashindwa.

Sasa sikiliza kisa kimoja ambacho Page mwenyewe alikisimulia baadaye. Siku moja walinzi wa timu walikuwa wameketi na mwalimu wao, naye akawaomba wasome kwa sauti, kila mtu kwa zamu, katika kitabu cha mipango ya mchezo. Baadhi yao wakasoma vizuri. Baadhi wakasoma kwa kujikwaa. Na baadhi hawakuweza kusoma kabisa. Watu hawa hawakuwa washamba waliokosa shule. Walikuwa wamepita shule ya msingi, shule ya sekondari, na hata chuo kikuu. Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: kila mwalimu aliyewapata aliwaona wana nguvu na mbio, akawapitisha. Hakuna aliyewachukia, wote waliwasifu. Na sifa zile ndizo zilizowanyang'anya elimu. Fikiri, msomaji, mtu wa namna hiyo atakuwa nani siku goti lake litakapovunjika.

Page hakutaka kungoja siku hiyo. Mapema katika maisha yake ya uchezaji alijiandikisha kusoma sheria, lakini masomo yakamshinda, akaacha baada ya wiki tatu. Wengi wangalisema, "Nimejaribu, si fungu langu." Yeye alirudi tena miaka kadhaa baadaye, safari hii katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akasoma huku akiendelea kucheza. Katika miaka ile ile alianza kukimbia mbio ndefu, na mwili wake ukapungua hata ukafika kama pauni 225, uzito mdogo kwa mtu wa kazi yake. Alikuwa pia mmoja wa viongozi wa chama cha wachezaji, akitetea haki za wenzake mbele ya wenye timu.

Mwaka 1978 mambo mawili yalimfika. Alimaliza masomo yake ya sheria. Na katikati ya msimu Minnesota Vikings wakamwacha. Wakubwa wa timu waliona kwamba amekuwa mwepesi mno, hawezi tena kuyasukuma majitu. Timu ya Chicago Bears ikamchukua kwa ada ya dola 100 tu. Hebu pima jambo hili: mtu aliyekuwa bora kuliko wote miaka saba nyuma, thamani yake uwanjani ilipungua hata ikawa sawa na bei ya koti. Uwanja hauna kumbukumbu. Humpenda mtu kwa kadiri ya anachoweza leo, na kesho humpenda mwingine. Page hakulia wala hakutukana. Alicheza Chicago hata mwaka 1981, na mwaka 1979 alimaliza mbio za marathoni, wa kwanza kufanya hivyo kati ya wachezaji waliokuwa wangali katika ligi. Tena mwaka huo alikuwa amekwisha kuanza kazi ya uwakili.

Mwaka 1988 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira lililoko Canton, mji aliozaliwa. Alipokuwa kijana alikuwa amefanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa jumba lile lile, lililofunguliwa mwaka 1963. Desturi ilikuwa mchezaji ajulishwe kwa watu na kocha wake au rafiki wa uwanjani. Page alimchagua mwanamke aliyekuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis. Na alipopewa nafasi ya kusema hakuhadithia ushindi wake, alisema juu ya watoto na kusoma. Mwaka huo huo yeye na mkewe, Diane, walianzisha mfuko wa kuwalipia karo wanafunzi wa jamii zilizonyimwa nafasi. Mwanafunzi aliyepata msaada alipewa sharti moja: atoe saa zake kuwasaidia watoto wadogo katika masomo yao. Maelfu wamesaidiwa kwa njia hiyo.

Bado ile ndoto ya utotoni. Katika jimbo la Minnesota majaji wa Mahakama ya Juu huchaguliwa na raia kwa kura. Mwaka 1992 Page alitaka kugombea kiti kimoja, lakini gavana alikuwa amemwongezea muda jaji aliyekuwamo, ili uchaguzi usifanyike mwaka ule. Page hakupiga kelele barabarani, alikwenda mahakamani. Kwa kuwa kesi iliwahusu majaji wenyewe, walijitoa, wakaketi wengine mahali pao. Hukumu ikatoka kwamba raia wana haki ya kupiga kura, na uchaguzi hauna budi kufanyika. Page akagombea, akashinda. Januari 1993 akavaa joho, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama ile. Wananchi walimchagua tena mwaka 1998, 2004 na 2010, naye alistaafu Agosti 2015, alipotimiza miaka 70 ambayo ndiyo kikomo cha sheria. Kwa hiyo alikaa kitini miaka 22, zaidi ya miaka aliyokaa uwanjani.

Mwaka 2018 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima kuu ya raia nchini mwake. Lakini iko heshima nyingine ambayo nadhani itakupendeza zaidi wewe uliye mwanafunzi. Mjini Minneapolis ilikuwako shule iliyoitwa kwa jina la Alexander Ramsey, gavana wa karne ya 19 ambaye mwaka 1862 alitaka watu wa kabila la Dakota waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wanafunzi wa shule ile walisoma historia yake, wakaona haya kubeba jina hilo, wakadai libadilishwe. Mwaka 2017 shule ikapewa jina la Jaji Page. Angalia kwamba hawakuiita shule kwa cheo chake cha uwanjani, bali kwa cheo alichokipata kwa kusoma.

Basi, msomaji, ukiwa na miguu ya mbio au mikono ya nguvu, shukuru, uitumie, ucheze kwa moyo wako wote kama Page alivyocheza. Lakini watu wakikusifu hata wakakusamehe kitabu, jua kwamba wanakuchukulia kitu. Page alisoma sheria wakati makofi yangali yakilia. Ndiyo sababu yalipokoma hakuhitaji kuuliza aende wapi.