Muhammed Said Abdulla: Mhariri aliyemuumba Bwana Msa

Marehemu Muhammed Said Abdulla, mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, aliandika visa vyake huku akiwa na ajira nyingine. Mzaliwa huyo wa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918, alianza kazi akiwa mkaguzi wa afya, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari.

Kuanzia mwaka 1958 alihariri jarida la Mkulima. Akiwa huko, ndipo mwaka 1960 ilipochapishwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyomtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko.

Alistaafu mwaka 1968. Kati ya riwaya zake saba za Bwana Msa, tano zilichapishwa baada ya hapo, kuanzia Duniani Kuna Watu (1973). Alifariki dunia mwaka 1991.